Pesa ya oda bado si yako: mchezo wa rafiki yetu wa Garsen

Rafiki yetu ni mwalimu wa shule ya msingi Garsen. Wawili kati yetu tunaoandika ukurasa huu walisoma naye. Wengine tumemjua kwa simu, manake kwa mwaka mmoja na nusu kila alipokwama alitupigia. Sasa mchezo wake wa ubao umetoka. Uko ndani ya boksi, una kadi, dadu, kete na kijitabu cha sheria, na watu wameulipia. Hatutautaja jina wala kuweka namba ya kuagizia. Huu si ukurasa wa matangazo, na mwenyewe ametukataza.

Tunalotaka kuzungumza ni ile pesa iliyotumwa kabla mchezo haujakuwepo. Waswahili wanaiita arubuni. Msimamo wetu ni kwamba arubuni ni amana, na laini zetu za simu, jinsi wengi tunavyozitumia, hazijui tofauti ya amana na mshahara. Mwalimu alijifunza hilo kwa njia ngumu, na sisi tuliokuwa tukimshauri tulijifunza pamoja naye. Tungeweza kumwambia mapema. Hatukumwambia.

Tuanze na katoni. Mei 2024 shule zilichelewa kufunguliwa muhula wa pili kwa sababu ya mafuriko. Watu wa Tana River walikuwa hawajapumzika na mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023, yaliyokata hadi barabara ya kwenda Lamu kule Gamba, na mto ukapanda tena. Mwalimu yuko nyumbani, watoto wa majirani wamejaa barazani, hakuna pa kwenda. Akapasua katoni ya sabuni, akachora mto kwa kalamu ya buluu kutoka Garissa, Bura, Hola, Garsen mpaka Kipini baharini. Kete zilikuwa vizibo vya soda, kama vile vya draft kwenye stage za boda. Dadu aliinyang'anya ludo ya mwanawe.

Wazo lenyewe kila mtu wa huko analielewa. Una maembe, una mchele, una ng'ombe. Unataka kuvifikisha sokoni kabla maji hayajafika. Kuna kadi moja imeandikwa kwamba bwawa la Masinga limejaa. Ukiivuta, hakuna kinachotokea hapo hapo. Unaweka kijiwe juu kabisa ya mto, na kila raundi kijiwe kinashuka hatua moja. Garsen ndivyo ilivyo: mvua inanyesha milimani, mabwawa ya Seven Forks yanafurika, redio inatangaza, na wewe unakaa siku kadhaa ukitazama mto bado mtulivu, ukijiuliza uhamishe gunia sasa ama usubiri kidogo. Ile hali ya kusubiri ndiyo mchezo. Tulipoucheza mara ya kwanza, mmoja wetu alibaki na maembe yote mkononi akibishana kwamba kijiwe hakingefika. Kikafika.

Mwalimu aliujaribu kwa miezi kumi na minne. Barazani, stafurumu, kwenye harusi moja, nje ya duka la kinyozi. Kila wiki katoni ilibadilika. Watoto walikuwa wakali kuliko wakubwa. Sheria ikiwachosha hawasemi kitu, wanaondoka tu. Lakini badiliko kubwa halikutoka kwa watoto.

Toleo la mwanzo lilikuwa na kadi ya kuingiza ng'ombe kwenye shamba la mwenzako ukapata pointi. Mwalimu aliiona kama kichekesho cha kuchangamsha mchezo. Siku moja alikuwa akicheza na mzee mfugaji, baba wa rafiki yake. Mzee alivuta hiyo kadi, akaisomewa, akaiweka chini kifudifudi. Akasema, "Mwalimu, hii sisi tumeshaicheza." Akaaga vizuri tu, akaenda zake msikitini.

Msomaji wa mbali huenda asijue mzee alikuwa anasema nini. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa Tana Delta, vijiji vya wakulima na vya wafugaji vikishambuliana, na ardhi na njia za kufikia maji zikiwa katikati ya ugomvi. Mwalimu alikuwepo. Alisema usiku ule hakulala. Kesho yake aliitoa kadi, na mahali pake akaweka malka, ile njia ya mifugo kushuka mtoni, iwe ni njia ya wote: mwenye shamba akiiacha wazi anapata kitu, mfugaji akipita anatoa kitu. Mchezo ukawa mgumu zaidi, na kwa maoni yetu ukawa mzuri zaidi, kwa sababu sasa inabidi mkubaliane huku kijiwe kinashuka.

Tunalisimulia hili kwa makusudi. Kadi ile kuifuta kulimgharimu kipande cha katoni. Miezi yote kumi na minne, ukijumlisha kalamu, gundi, manila na soda za kuwapoza wachezaji, hakufikisha shilingi 4,000. Kulikuwa na jamaa aliyependa mchezo tangu mwezi wa pili akataka kulipia wake kabisa. Mwalimu alikataa, na alifanya vyema. Ukishapokea pesa ya mtu huwi huru tena kubadilisha kitu alichokilipia. Sampuli unaweza kuikosea mara ishirini. Oda ya mtu ukiikosea, tayari ni deni.

Wala si yeye tu. Kuna mchezo maarufu duniani ambao jina lake hakuna msomaji wetu anayehitaji kufasiriwa: Jenga. Aliyeutoa ni Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika aliyekulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili. Familia yake ilipohamia Ghana, wakawa wanacheza na vipande vya mbao kutoka kiwanda cha kupasua mbao cha Takoradi. Walicheza hivyo nyumbani kwa miaka bila kumdai mtu wala kudaiwa. Alipoamua kuutengeneza kwa mauzo na kuupeleka kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea London mwaka 1983, haukunyanyuka haraka, na madeni yakamwandama. Baadaye kampuni kubwa ya Marekani, Hasbro, iliuchukua ikataka kubadilisha jina, yeye akakataa, na ndiyo maana leo Wamarekani wanaita Jenga bila kujua wanaambiwa nini. Watu hupenda kusimulia hiyo sehemu ya jina. Sisi tunapenda ile ya katikati, ya kwamba mbao zenyewe hazikumtia hasara yoyote; hasara ilikuja na maboksi.

Basi na mwalimu naye akafika kwenye maboksi. Agosti 2025 mpiga chapa mmoja wa Mombasa alimpa bei: nakala 200, shilingi 1,100 kila moja, jumla 220,000, nusu mbele. Chini ya 200 bei inapaa, na ndivyo uchapaji ulivyo popote, kazi kubwa iko katika kuandaa mashine. Mwalimu hakuwa na 110,000 za kutanguliza. Akaweka picha ya sampuli kwenye magrupu ya WhatsApp, bei 1,800, na namba yake ya simu. Ile ile ya kila siku, ambayo mshahara unapitia, ambayo mama mkwe anaijua, ambayo ananunulia tokeni na kulipia boda.

Watu 74 wakatuma. Hiyo ni 133,200. Sisi tulishangilia kuliko yeye. Kila meseji ikiingia anatupiga picha ya skrini.

Siku ya kumlipa mpiga chapa akaangalia salio: 96,350.

Alidhani ameibiwa. Tukamwambia atoe steitimenti, tukakaa naye kwenye simu tukiisoma mstari kwa mstari kuanzia saa tatu usiku. Hakuna aliyemwibia. Shilingi 9,300 zilikuwa zimekatwa na ule mkopo wa kujaliziwa salio likipungua. Alikuwa ameutumia Julai alipobanwa, na huduma hizi, yetu ikiwa mojawapo, tunakiri, hukata deni papo hapo pesa yoyote inapoingia. Akakopa tena kidogo, ikakatwa tena. Kwa hiyo kuna wateja wa mwanzo ambao pesa yao ya mchezo haikukaa kwenye laini hata dakika moja. Ililipa deni la unga wa mwezi uliopita. Kisha 18,500 za karo ya mtoto, alizojiambia atarudisha mshahara ukiingia. Na 9,050 zilizobaki hakuna pigo moja la kuonyesha: mchango wa harusi, vocha, dawa, samaki, mia mbili hapa, mia tano pale.

Hatumsimangi. Hebu fungua steitimenti yako mwenyewe uone. Zamani fundi wa Garsen akipokea arubuni ya kitanda, noti zile aliziweka mahali pake, ndani ya bati au kwa mke wake, na kila akizigusa mkono unajua unagusa nini. Kwenye simu pesa zote ni tarakimu moja. Salio likisomeka 60,000 moyo unasoma 60,000, na moyo hauna hesabu ya nani katuma nini. Tumetumia miaka kuwafundisha wateja wetu kulinda PIN dhidi ya matapeli. Tumesema machache mno kuhusu kuilinda amana dhidi ya mwenye simu mwenyewe, na hilo ni kosa letu.

Kilichopungua kufikia 110,000 kilikuwa 13,650. Mke wake aliongea na wenzake wa chama, wakamkopesha 15,000. Kazi ikaanza. Na siku hiyo hiyo, kwa shingo upande kidogo, mwalimu akachukua till.

Sasa tuseme tunavyoona sisi. Ukiamua kupokea oda za kabla, iwe ni mchezo, fulana, kitabu, keki au mbuzi wa Idd, fungua namba ya kupokelea siku moja kabla hujatangaza chochote. Till ni bora, kwa sababu mlipaji anaona jina la biashara na pesa haichanganyiki na salio lako. Ukishindwa, hata laini ya pili isiyo na mkopo wowote inatosha. Muhimu ni isiwe na mkopo. Laini yenye deni haifai kupokelea amana hata kwa saa moja. Na ukitangaza, meseji yenyewe iseme mteja anapata nini, lini, na kwamba siku hiyo ikipita bila mzigo anaweza kurudishiwa pesa yote, ada ya kutuma ikiwa juu yako. Meseji fupi, ila iwepo. Ahadi ya mdomo mtu huikumbuka anavyotaka, na wewe pia.

Mmoja wetu hakubaliani nasi, na ni haki msomaji amsikie. Anasema sisi tunaongea kama watu wa mjini. Garsen mama yako akiugua usiku na kwenye till kuna 50,000, utamwambia asubiri kwa sababu pesa ni ya mchezo? Pesa, anasema, ni ya kuokoa watu. Tulibishana naye sana. Tunakubali kwamba hakuna atakayeiacha till ikiwa imejaa na mgonjwa yuko sakafuni, na hatuwezi kumlaumu. Lakini tunasema hivi: ukichukua, iite mkopo. Andika kwenye daftari tarehe na kiasi, na mwambie mtu mmoja mwingine, mke, mume, rafiki, yeyote atakayekuuliza. Karo ya mwalimu ingeandikwa hivyo, asingefika kwa mpiga chapa akidhani ana 133,200. Yeye mwenzetu bado anasema tunachekesha. Haya.

Till ilileta oda 31 zaidi, 55,800, na pia tapeli mmoja. Mwalimu alipata meseji kwamba amepokea 3,600, na baada ya dakika akapigiwa na sauti ya upole: samahani mwalimu, nimetuma mara mbili, nirudishie moja. Zamani angerudisha. Aliangalia salio la till kwanza, halikuwa limesogea. Meseji mtu yeyote anaweza kuiandika. Salio haliandikwi na mtu. Akamwambia yule bwana aulize kwa huduma kwa wateja, na simu ikakatika.

Mzigo ulichelewa. Ahadi ilikuwa mwisho wa Oktoba. Kata ya kwanza ya kadi ilitoka kombo, ikabidi irudiwe, na ikafika Novemba, msimu ambao wapiga chapa wote wako kwenye kalenda na shajara. Watu wakaanza kuuliza. Kwanza kwa heshima, "Mwalimu, salama? Ule mchezo wetu?" Baadaye bila salamu. Mtu mmoja aliandika kwenye grupu kwamba huu ni wizi wa kisomi, na mwalimu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikusanya pesa za mitihani za wazazi na kuzifikisha bila senti kupotea, alitupigia akiwa anashindwa kumaliza sentensi.

Hapo tukamshauri jambo ambalo hakulipenda: usijitetee, waandikie wote, waambie kilichotokea na tarehe mpya, na anayetaka pesa yake leo aipate leo. Aliogopa wataondoka wote. Waliotaka ni saba. Jumla 12,600.

Lakini azitoe wapi? Jibu rahisi lilikuwa kwenye till, zipo 55,800 zimekaa. Na hapa tulikuwa wakali kidogo. Zile ni za watu wengine 31. Ukimrudishia wa kwanza kwa arubuni ya wa pili, umeanza mduara ambao wengi walioanguka waliuanza vivyo hivyo, bila nia mbaya. Mwalimu alikuwa na ng'ombe wawili aliowaweka kwa rafiki yake mfugaji, mtoto wa yule mzee wa kadi. Wakauzwa, 75,000. Akawarudishia wale saba kutoka hapo, zikabaki 62,400, akajumlisha na za till, akamalizia 110,000 za mpiga chapa, na kilichosalia kikaingia kwenye usafiri na ada.

Je, alipata faida? Bado, na ng'ombe wameenda. Tuliposema hivyo alicheka akasema faida ni wale saba: wanne kati yao walimshukuru hadharani kwenye grupu lile lile, na yule wa wizi wa kisomi hakuwa hata miongoni mwa waliodai.

Kwako wewe unayelipia, nawe una kazi yako. Usitume kabla hujaona sampuli ikichezwa au kitu kikitumika. Picha nzuri si kitu. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha. Meseji ya malipo usiifute mpaka mzigo uwe mikononi. Na kama mwenye kazi ni rafiki yako, tafadhali lipa. Garsen tulishuhudia watu wazima wenye mishahara wakimwambia mwalimu "mimi nitapata ya bure, si ndiyo?" Kila ya bure ni 1,100 alizomlipa mpiga chapa. Sisi wenyewe tulinunua nne kwa bei ya wote, na mmoja wetu (yule yule mwenye maembe) alijaribu kuomba punguzo, akanyimwa.

Maboksi yalishuka kwenye basi pale Minjila katikati ya Desemba, saa za jua kali. Mwalimu alienda na boda mbili. Alifungua boksi la kwanza pale pale chini ya mti, makondakta wakimzunguka, na jambo la kwanza aliloliona ni kwamba kwenye ile kadi kubwa neno limekosa herufi: "Masinga limeja." Alikuwa ameikagua sampuli ya mwisho mara tatu. Nakala zote 200 ziko hivyo, na watoto wa barazani tayari wameshaanza kuliita tukio lenyewe "limeja."

Hesabu aliyotutumia wiki iliyofuata ni hii. Nakala 98 zimewafikia waliolipia, ya mwisho ilikwenda Lamu na basi lililopita na msafara wa askari. Nakala 102 ziko chini ya kitanda, zimefunikwa nailoni, juu ya matofali, kwa sababu ya mto. Till ina shilingi 640. Chama kinadai 15,000, na tisa za kwanza atakazouza ni zao.